Mkono Wenye Haraka: Hotuba kwa Wenye Steshenari wa Morogoro

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wenye steshenari na vibanda vya intaneti hapa Morogoro. Wengi walishindwa kufika kwa kuwa ni msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, wakaomba waisome. Nimeiweka yote kama ilivyosemwa, isipokuwa picha za projekta.

Mheshimiwa mwenyekiti, mama mweka hazina, kaka zangu na dada zangu wenye steshenari, na ninyi vijana mnaoshinda kwenye kiti cha kompyuta kuanzia asubuhi mpaka duka linafungwa: Assalam alaikum. Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kufunga ofisi mapema siku ya kazi. Najua mmeacha hela huko.

Naomba nianze na swali. Kwenye kompyuta yako ya ofisini, ile folda ya Downloads, mna nini sasa hivi?

Nitawajibia, maana nimezifungua nyingi. Mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Mna namba za NIDA. Mna vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Mna tasnifu ya mwanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, aliyekuja kuprinti, akalipa, akaondoka, faili likabaki. Mna cheti cha kifo cha mzazi, kwa sababu binti aliyefiwa na baba anaomba mkopo na anatakiwa athibitishe. Kuna mwenzetu humu ambaye folda yake haina vitu hivyo? Hakuna.

Swali la pili ndilo lililotuleta hapa. Nani mwingine anaiona folda hiyo?

Kila mnaponiletea mashine iliyochanganyikiwa mnaniambia neno lile lile: "Fundi, imeingia yenyewe." Brauza imebadilika yenyewe. Matangazo yameanza yenyewe. Mafaili yamegoma kufunguka yenyewe. Ndugu zangu, zipo mara chache ambapo inaingia yenyewe, na nitazisema. Lakini mara nyingi sana kuna mkono uliobonyeza. Ukurasa wa mtandao unaweza kukudanganya, unaweza kukutisha, unaweza kukubembeleza. Kubonyeza hauwezi. Anayebonyeza ni wewe, au kijana wako, au mteja uliyemwachia kiti.

Na kwa nini tunabonyeza? Kwa ujinga? Sikubali hata kidogo. Watu waliomo humu ndani wanajua kompyuta kuliko maofisa wengi. Tunabonyeza kwa sababu ya haraka. Benchi limejaa, dirisha la maombi linafungwa usiku wa manane, umeme ulikatika saa mbili nzima, mteja amesimama nyuma ya bega lako anasema "dada, fanya hima". Wanaotengeneza kurasa za utapeli wanaijua hiyo haraka. Wamejenga kazi yao yote juu yake.

Niwape kisa cha kwanza, cha kitufe cha kijani.

Dada mmoja, mtumishi kwenye steshenari, anahudumia mteja mwenye cheti kilichoskaniwa. Faili la PDF ni kubwa, tovuti ya maombi inalikataa, inataka dogo. Anaingia Google, anatafuta namna ya kupunguza PDF. Anabofya jibu la kwanza kabisa juu. Unafunguka ukurasa wenye vitufe vitatu vya kupakua, na kile kikubwa kuliko vyote, cha kijani, kinachong'aa, ni tangazo la mtu mwingine kabisa. Anakibonyeza hicho. Programu inashuka, inamuuliza maswali, anajibu Next, Next, Next. Kesho yake brauza inafungukia ukurasa asioujua, akitafuta kitu anapelekwa kwingine, na pembeni chini kulia kila dakika kinaruka kijitangazo: kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa kusafisha.

Tukipitie polepole, maana mambo mengi yamebanana humo.

Lile jibu la kwanza juu kabisa kwenye Google mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Na nani anaweza kulipia tangazo? Yeyote mwenye hela, mwizi akiwemo. Desemba 2022 FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, walitoa tahadhari kwa umma kwamba wahalifu wananunua matangazo kwenye injini za kutafutia, wanajifanya kampuni zinazojulikana, mtu akibofya anapelekwa kwenye tovuti inayofanana na ya kweli na kupakua programu mbaya. Na wakashauri watu watumie kizuia matangazo kwenye brauza. Ushauri huo umetoka kwa polisi, msidhani ni mbwembwe za mafundi. Kwenye Firefox mtaipata uBlock Origin kamili. Kwenye Chrome siku hizi ipo ile inayoitwa uBlock Origin Lite. Ni bure, na mnaichukua kwenye duka la nyongeza la brauza yenyewe.

Halafu zile Next, Next, Next. Msidhani mchezo huo uko kwenye tovuti za vichochoroni tu. Mwaka 2011 Download.com, tovuti kubwa ya kupakulia programu, ilikutwa ikiifungasha Nmap, programu ya kukagua mitandao, ndani ya kisakinishi chake chenye upau wa matangazo, na mwenye Nmap akalalamika hadharani. Mwaka 2015 ikawa zamu ya SourceForge, na programu ya picha ya GIMP. Hizo ni tovuti ambazo mafundi wa dunia nzima walikuwa wanaziamini. Namna yake ilikuwa hiyo hiyo: unaambiwa weka programu unayoitaka, na ndani kuna visanduku vilivyokwisha kuwekwa tiki kwa niaba yako, vya programu usizozitaka. SourceForge ilipata wenye wapya mwaka 2016 wakaiacha tabia hiyo. Tabia yenyewe haikufa, imehamia kwingine. Kwa hiyo kisakinishi kikikuuliza "Express" au "Custom", chagua Custom, usome, utoe tiki. Na programu uchukue kwa mwenyewe aliyeitengeneza. VLC ya kuchezea video kwa wenye VLC. Dereva ya printa ya Epson kwa Epson, ya Canon kwa Canon. Tovuti zinazodai zina dereva za printa zote duniani muachane nazo.

Lakini nataka mnisikilize kwa hili zaidi ya yote ya kisa hiki: yule dada hakuhitaji programu yoyote. Skana yake ilikuwa imewekwa dpi 600, yaani kiwango kikubwa cha undani wa picha, kwa rangi. Angeskani upya kwa dpi 150 au 200, kwa kijivu, faili lingeshuka sana na maandishi yangesomeka vizuri. Na kama ingekuwa hati ya Word, Word yenyewe inapohifadhi PDF ina chaguo la ukubwa mdogo, limeandikwa "Minimum size". Ukiijua kazi yako vizuri, unatafuta programu mara chache. Ninyi mnaofundisha vijana wapya, siku ya kwanza wafundisheni skana kabla ya Google.

Kisa cha pili hakikutokea hapa. Kilitokea Ukraine na Urusi, tarehe 24 Oktoba 2017.

Siku hiyo watu walifungua tovuti za habari walizozizoea, tovuti halali. Wakaona kidirisha: Flash Player yako imepitwa na wakati, isasishe. Wakabonyeza. Kilichoshuka hakikuwa Flash, ile programu ya zamani ya kuchezea video kwenye brauza. Kilikuwa programu iliyofunga mafaili na kudai malipo, na wataalamu wakaiita Bad Rabbit. Treni za chini ya ardhi za Kyiv zikaguswa, uwanja wa ndege wa Odesa ukaguswa, shirika la habari la Interfax likashindwa kufanya kazi. Nani aliyeingiza programu hiyo ndani ya kompyuta hizo za kwanza? Wafanyakazi, kwa mikono yao, wakiwa kazini.

Kwa nini ninawaletea kisa cha Ukraine? Kwa sababu wengi mnaniambia, "Fundi, mimi siingii tovuti mbaya." Na wale hawakuingia tovuti mbaya! Tovuti nzuri inaweza kuvamiwa usiku, asubuhi ikawa inagawa sumu bila mwenyewe kujua. Iwe ya shule, iwe ya kanisa, iwe ya hospitali. Basi tusiulize tu "tovuti hii ni nzuri?" Tuulize: "Kwa nini inaniambia niweke kitu?"

Na kuhusu hizo sasisho, shikeni jambo moja jepesi. Flash ilikufa. Adobe waliifunga tarehe 31 Desemba 2020. Ukurasa wowote leo unaokuambia usasishe Flash unasema uongo, hakuna la kuchunguza. Chrome, Edge na Firefox zinajisasisha zenyewe, kutoka ndani. Ukitaka kuhakikisha, fungua menyu ya brauza, ingia Help, kisha About, itakagua mbele ya macho yako. Ukurasa unaosema "sasisha Chrome yako hapa" ni mwongo. Unaosema "tumekagua kompyuta yako tumekuta virusi" ni mwongo, kwa sababu ukurasa wa mtandao hauwezi kukagua diski yako. Hata ukijaza skrini nzima, ukipiga king'ora, ukikupa namba ya simu ya Microsoft, ni mwongo. Usipige hiyo simu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, ifunge brauza kutoka pale, ukifungua tena ikikuuliza irudishe kurasa za awali, kataa.

Sasa nafika kwenye ile inayonitia hofu kweli kweli, na ninaomba mwenye simu mkononi aiweke chini kwa dakika chache.

Ilianza kusambaa mwaka 2024. Wataalamu wanaiita ClickFix. Ukurasa unafunguka, katikati kuna kisanduku kidogo: thibitisha wewe si roboti. Kisanduku hicho tumekizoea wote, tunakiona kila siku. Unaweka tiki. Kisha yanatokea maelekezo matatu, yamepangwa vizuri, yana namba na picha za vitufe. Kwanza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Pili: bonyeza Ctrl pamoja na V. Tatu: bonyeza Enter.

Tusimame hapo. Windows na R inafanya nini? Inafungua kidirisha cha Run, ambacho kazi yake ni kuiamuru kompyuta iendeshe kitu. Ctrl na V inafanya nini? Inabandika. Lakini unabandika nini, wakati hujanakili chochote? Ulipoweka ile tiki, ukurasa wenyewe uliweka amri yake kwenye sehemu ya kunakilia, kimya kimya. Sasa unaichukua kwa mkono wako, unaibandika kwa mkono wako, unaipigia Enter kwa mkono wako.

Na ukikitazama kidirisha baada ya kubandika, unaona nini? Kidirisha ni kifupi, amri ni ndefu. Mwanzo wa amri unapotelea kushoto. Kinachobaki machoni ni mkia, na kwenye mkia wameandika maneno ya kukutuliza, kwamba huu ni uthibitisho kuwa wewe si roboti, pamoja na namba fulani. Mtu anasoma, anaridhika, anapiga Enter. Kinachoonekana kinatulia sekunde moja, kinatoweka. Mteja anaendelea kuhudumiwa. Hakuna faili lililoshuka kupitia brauza, kwa hiyo brauza haikuwa na cha kukuonya.

Kinachoingia mara nyingi kwa njia hiyo ni programu ya kuiba. Haiharibu kitu. Haipigi kelele. Inazoa maneno yote ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza, inazoa kuki zinazokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti, inatuma, inamaliza kazi. Mojawapo inaitwa Lumma. Mwezi Mei 2025 Microsoft pamoja na vyombo vya dola vya nchi kadhaa waliivamia mitambo yake, na Microsoft wakaeleza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo walikuwa wameziona zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa. Miezi miwili tu.

Sasa fikirieni kompyuta ya steshenari. Ya nyumbani ina maneno ya siri ya mtu mmoja, labda na mkewe. Ya kwako ina ya nani? Ya wateja wote ambao kijana wako alibonyeza "Save" brauza ilipouliza ihifadhi. Akaunti ya barua pepe ya mama muuza mboga aliyefunguliwa jana. Akaunti ya mkopo ya mwanafunzi. Akaunti ya maombi ya kazi ya mwalimu anayesubiri ajira mwaka wa pili huu. Mtu huyo akiibiwa hatajua ni wapi. Hatarudi kukulaumu, kwa sababu hawezi kujua. Na hilo ndilo linalonikosesha usingizi: tunaweza kuwaumiza watu waliotuamini wasijue, na sisi wenyewe tusijue.

Basi naomba kila mmoja aliyeko hapa arudi ofisini aseme hivi kwa vijana wake, kwa sauti: hakuna ukurasa wa kweli duniani unaothibitisha ubinadamu wako kwa kukufungulisha Run. Hakuna. Ukiambiwa bonyeza Windows na R, funga ukurasa. Ukiambiwa fungua PowerShell, dirisha jingine la kuiamuru kompyuta, ubandike kitu, funga ukurasa. Mteja akinuna, anune. Kipo pia kile kidogo kinachosema "bonyeza Allow kuthibitisha si roboti". Hicho kinaomba ruhusa ya kukutumia arifa, na ndicho chanzo cha vile vitangazo vya pembeni. Dawa yake ipo kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya Notifications: futa tovuti zote usizozijua.

Kisa kingine kifupi, ila kinauma. Kaka mmoja wa picha za harusi alitaka programu ya kuhariri bila kulipa. Akapata tovuti yenye kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni. Maelekezo yake yalianza hivi: zima antivirus kwanza. Akazima. Jioni picha zote zimebadilika jina, kila faili limeongezewa herufi ngeni mwishoni, na kila folda ina karatasi inaitwa _readme.txt inayodai dola 980, na nusu yake, dola 490, ukilipa ndani ya saa 72. Hiyo ni familia ya programu za kufunga mafaili iitwayo STOP/Djvu, ipo tangu 2018, na njia yake kuu ya kusambaa ni hizo hizo kreki na vile vifaa vya kuamshia Windows bila leseni. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure kwa matoleo 148 ya programu hiyo, na wengi waliokoka. Ila matoleo yaliyofuata yalibadilisha namna ya kufunga, na mafaili ya huyu kaka hayakufunguka. Harusi za watu zimekwenda. Utawaambia maharusi warudie?

Najua mtakachoniambia. Leseni ni ghali, wateja wanataka kuprinti kwa shilingi mia. Sitawahubiria sheria leo. Nawaambia tu kwamba ukurasa unaokutaka uzime ulinzi kabla ya kuweka kitu umeshakueleza wenyewe ulichobeba. LibreOffice ni bure na halali, inafungua hati nyingi za Word. Si zote zinakaa sawasawa, hasa tasnifu zenye majedwali na vichwa vya chuo, na kwa hizo wenye kazi nyingi nawashauri wanunue Office halali angalau kwa mashine moja.

Niliahidi kusema zile mara chache inapoingia yenyewe. Zipo. Machi 2016 matangazo yenye sumu yalionekana kwenye tovuti kubwa kabisa, ya New York Times na ya BBC zikiwemo. Hukuhitaji kubofya tangazo. Kompyuta yenye programu iliyopitwa na wakati ilitosha. Hapo mkono wako hauna kosa, kosa ni la mashine iliyozeeka. Na hapa Morogoro, kuanzia Msamvu mpaka Mazimbu, bado nakuta Windows 7. Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109; tangu Februari 2023 haipati jipya. Mashine hiyo bado inachapa vizuri sana. Iacheni ichape, muitoe kwenye intaneti. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wenye nayo tukae tupange.

Simu nitazipitia haraka. Wateja wanakuja wanaomba "niwekee GB WhatsApp", toleo la WhatsApp lisilo rasmi. Mnaijua kazi hiyo, ina hela kidogo. Oktoba 2022 Kaspersky walieleza kwamba YoWhatsApp, ndugu yake GB, ilikutwa na programu ya wizi iitwayo Triada ndani yake, inachukua funguo za akaunti ya WhatsApp ya mtu, na tangazo lake lilikuwa linaonekana ndani ya Snaptube ambayo nusu ya vijana wetu wanayo. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa FMWhatsApp. Kila APK, yaani faili la kusakinishia programu ya simu, ya nje ya Play Store ni faili ambalo Play Store haijalikagua. Android inakuuliza kabla ya kuruhusu Chrome au WhatsApp isakinishe programu ngeni. Jibu liwe hapana. Na programu ya mkopo au ya bando la bure inayoomba kusoma meseji zako inataka nini? Inataka zile namba za uthibitisho benki inazokutumia. Google wameanza majaribio ya kuzizuia programu za namna hiyo moja kwa moja katika nchi kadhaa, Kenya mojawapo. Tusisubiri yatufikie.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kama mmesahau yote, naomba mlichukue hili.

Nimewaeleza uongo wa kila aina. Je, mkijua uongo wote, mtapona? Nasema hapana. Kesho watabuni mwingine, na kijana wako atakuwa na watu kumi kwenye benchi. Macho hayatoshi. Mkono wenye haraka usiwe na ruhusa ya kusakinisha. Narudia: mkono wenye haraka usiwe na ruhusa ya kusakinisha.

Dukani kwako, kijana wa kuuza ana ufunguo wa mlango. Wa sefu unao wewe. Kwa nini kwenye kompyuta umempa yote?

Inafanyika bure, kwa dakika chache. Ingia Settings, kisha Accounts, kisha Other users. Tengeneza akaunti mpya, iwe Administrator, yenye neno la siri unalolijua wewe tu. Ingia humo mara moja uhakikishe inafunguka. Usiruke hatua hii. Ukishahakikisha, ukiwa humo humo, ndipo uigeuze akaunti ya kazi ya kila siku iwe Standard User. Kuanzia hapo kitu kikitaka kuingia kwenye mashine nzima, kitaomba neno la siri ambalo kijana hana. Itabidi akupigie. Na kwa muda wa kukupigia simu, haraka imeisha, na wewe unauliza: "Umeitoa wapi hiyo?"

Utasumbuliwa? Ndiyo, utasumbuliwa. Siku ya kuweka printa mpya utaitwa ukiwa sokoni. Kubali usumbufu huo.

Na niseme ukweli wote. Akaunti ya namna hii haizuii kila kitu. Ile ya kuiba niliyoieleza, ya Windows na R, inaweza kufanya kazi ndani ya akaunti ya kawaida na kuzoa kilichomo humo. Ndiyo maana akaunti ya kazi isiwe na cha kuzoa. Mambo yako ya benki na uwakala yafanyie kwenye akaunti yako nyingine ya Windows, siyo ile ya wateja. Brauza izimwe kuhifadhi maneno ya siri. Mteja akitaka kuingia kwenye barua pepe au akaunti ya maombi, mfungulie dirisha la Guest kwenye Chrome. Likifungwa, kuki na maneno yake yanafutika. Jueni tu kwamba kwenye Guest kizuia matangazo hakifanyi kazi, kwa hiyo andikeni anwani ya tovuti moja kwa moja, msipitie Google. Bandikeni ukutani orodha ya anwani zile mnazozitumia kila siku.

Mafaili ya wateja yafuteni kila jioni. Yale ambayo lazima yabaki yawekeni kwenye diski ya nje, na diski ichomolewe. Programu ya kufunga mafaili ikiingia, diski iliyochomekwa inafungwa pamoja na kompyuta. Nimeona mtu analia kwa sababu nakala yake ilikuwa imechomekwa usiku kucha.

Ikiwa imeshatokea, umebonyeza, umeshtuka: kata intaneti kwanza, chomoa waya au zima Wi-Fi. Usiandike neno lolote la siri kwenye mashine hiyo. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia simu au mashine nyingine, na huko kwenye akaunti uchague kutoka kwenye vifaa vyote, kwa sababu waliozoa kuki hawahitaji neno lako la siri. Halafu mashine ipigwe Windows upya. Na wateja waliohudumiwa siku hiyo wapigiwe simu waambiwe. Najua hilo ni gumu. Mtu anaogopa kupoteza wateja. Mimi nasema mwambie, ni haki yake kujua akaunti yake iko hatarini wakati bado anaweza kuiokoa.

Mwenyekiti ameniruhusu niseme hili la mwisho. Kuanzia Jumatatu nitapita ofisi kwa ofisi kuweka zile akaunti mbili, bila malipo kwa wanakikundi. Nitaanza Mazimbu, kwa kuwa wanafunzi ni wengi huko na msimu wa mikopo haujaisha. Anayetumia mashine ambayo neno la siri la msimamizi limepotea, au ambayo fundi wa zamani aliondoka nalo, aniandikie jina lake kwa mama mweka hazina kabla hajatoka, maana mashine hizo zinachukua muda zaidi na nataka nizipangie siku yake. Sasa nasikiliza maswali. Dada wa pale nyuma, nilikuona umenyoosha mkono tangu kwenye kisa cha PDF, karibu.